Ini Langu Tumboni mwa Gantulga

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Kampuni ya makaa ya mawe inataka kila dereva apimwe ini: damu kwanza, kisha altrasaundi. Ini bovu, hupewi lori. Na mimi kwenye sherehe za Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu, sikukataa kikombe cha vodka hata kimoja, maana kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima.
Nimepata njia. Gantulga, kaka wa mke wangu Saruul. Mwanamieleka, hanywi. Mama mkwe humsifu kila chakula kikiiva, huku akinitazama mimi. Basi mwili huo na utufae.

Jumanne, 11 Machi
Alicheka, akakubali. Anapenda kuvua shati. Kitambulisho changu ni cha enzi nina nywele. Tunafanana vya kutosha.
Nilimwambia hata jina langu ni kinga. Mama alizika watoto kabla yangu, ndipo akaniita Khunbish, Si Mtu, ili maradhi yakichungulia mlangoni yaone hakuna wa kuchukua. Hospitalini Gantulga akatolewa damu kwa jina hilo, akalala kitandani, akapakwa ute wa baridi wa altrasaundi tumboni. Mimi nje nakula buuz, vile vitumbua vya mvuke vyenye nyama ya kondoo. Safi kabisa!

Alhamisi, 13 Machi
Si safi. Majibu nimeitiwa mimi, mwenye jina. Daktari, mama wa makamo, alinionyesha picha. Ini zima huonekana kijivu laini, alisema. Hili limekwaruzika, na kingo zake zina mabonde. Makovu ya miaka. Damu ina virusi vya homa ya ini, pengine tangu utotoni, hata kama mtu hanywi. Na upande wa kulia kuna doa jeusi, dogo kama njugu.
“Likiwa dogo hivi tunaliunguza,” alisema. “Likikua hatuna la kufanya. Usichelewe, mwanangu.”
Nikashukuru kwa niaba ya tumbo la mwenzangu.

Ijumaa, 14 Machi
Saruul ameiona karatasi. Analia. Mama mkwe kanikatia mkia wa kondoo, ule wenye mafuta, akasema siku zote nimekuwa mtu mwema. Kampuni itanipumzisha kwa malipo ya mgonjwa. Sijawahi kupendwa hivi!
Kisha Gantulga akaja kuniwashia jiko, akaniambia nisiogope, yeye yupo. Nikisema, nitafukuzwa kwa udanganyifu. Nisiposema, Gantulga atakufa.

Jumapili, 16 Machi
Nilimkuta Gantulga uani akipasua barafu ya kuyeyushia maji ya chai.
“Shemeji, lile ini bovu si langu,” nikasema. “Ni lako.”
Aliendelea kupasua. Baadaye akauliza kama kuunguzwa kunauma. Nikamwambia tutamuuliza daktari.
“Na pombe sinywi, Khunbish,” akasema.
Nililia mimi, akanifuta yeye kwa mkono wa koti lake. Niliona haya sana.

Jumatano, 2 Aprili
Gantulga amerudi kutoka mji mkuu. Doa limeunguzwa, virusi anavimezea vidonge. Tuliwahi. Mama mkwe hanisemeshi, lakini Gantulga anamwambia kila mtu kwamba nimemwokoa. Amekwenda hata kampuni, iliyonifukuza nilipokiri, kuniombea msamaha. Wamekubali: nipimwe upya kesho.
Saruul anasema macho yangu yamekuwa manjano. Nikamwambia ni vumbi la makaa. Akasema vumbi la makaa ni jeusi, akaenda kulia jikoni.
Nimefikiri sana. Gantulga angepimwa lini, kama asingelala pale kwa jina langu? Kwa hiyo kumtuma mtu ni kumwokoa. Ochir, fundi wa matairi, ana mwili mzuri sana, maskini. Nimeshampa kitambulisho, nikamsisitiza asile kitu asubuhi.
Mimi nitamsubiri nje.