Vikao Vyangu Sita

Jumatatu, 24 Juni
Balaa! Bima ya umma inataka kliniki yetu ifikishe vikao arobaini vya ushauri mwezi huu, la sivyo tunafutwa. Tuna thelathini na nne. Dada wa mapokezi anasema atawapigia simu wagonjwa waliokosa kuja. Kupiga simu! Akili za kizamani. Karani wa madai ni mimi, si yeye. Nimejiandika mwenyewe mgonjwa, vikao sita. Dalili nimeziiba kwa mke wangu: halali usiku, chakula hakipiti, anatazama ukuta tangu tumzike kaka yake. Mshauri amesaini rundo zima bila kusoma. Anaamini watu. Ndiyo kazi yake.

Jumanne, 25 Juni
Nilisahau jambo dogo. Kadi ni ya mke wangu, mimi ni mtegemezi tu. Kila kikao, bima humtumia ujumbe mwenye kadi. Simu yake ikalia mara sita tukiwa mezani. Akasoma. Akanihamishia kipande chake cha nyama. Akasema yeye ni mke gani asiyeona mumewe anaumia. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Akadhani ni huzuni.

Nyama nimekula.

Alhamisi, 27 Juni
Dada wa mapokezi kawapata wagonjwa sita kwa simu. Wote wamekuja! Arobaini kamili bila mimi. Nyumbani watoto wananyata kama kuna msiba. Mama mkwe kapiga simu, kaniambia hata mwanamume hulia. Sijawahi kubembelezwa hivi. Wala sijawahi kujiona mdogo hivi.

Ijumaa, 28 Juni
Saa nne asubuhi, nani dirishani kwangu kliniki? Mke wangu, kavaa gauni lake la kanisani. Akasema kama mimi nimeweza kuja, na yeye kajipa moyo. Nikaangalia kadi yake kwenye kompyuta. Familia nzima ina vikao sita kwa mwaka. Vimekwisha.

Dada wa mapokezi akanikazia macho. Ilikuwa niseme tu: futeni, nilidanganya. Nikasema mtandao unasumbua. Mke wangu akanishukuru, akaniambia nisijisumbue, nisije nikazidiwa. Nilimwona akivuka barabara, mkoba kaukumbatia kifuani. Masikio yaliniwaka mchana kutwa. Mimi ni mtu wa hovyo. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Jumamosi, 29 Juni
Dawa nimeipata! Bima huongeza vikao mgonjwa akizidiwa. Nimejaza kwamba nimezidiwa mno. Vikija, nitampa yeye. Penye nia pana njia.

Jumatatu, 1 Julai
Wamekubali! Ujumbe ukamfikia yeye kwanza. Analia. Anasema vikao vyote ni vyangu, yeye atavumilia, amezoea. Kesho kaomba ruhusa kazini anisindikize mpaka mlangoni kwa mshauri. Mshauri ambaye hajawahi kuniona kama mgonjwa hata siku moja!

Nimfuate jikoni nimwambie ukweli? Nilifika mlangoni. Alikuwa anapiga pasi shati langu la kesho. Nikarudi.

Lakini Mungu si Athumani. Kwenye kabati la fomu kazini niliona moja ya kumhamishia mjane vikao vilivyobaki vya marehemu mumewe. Kurasa mbili tu. Mshauri ataisaini.