Namna Nilivyomfikisha Mama Mkwe Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe atapanda ndege! Binti yake wa kwanza, dada wa mke wangu, anajifungua Ijumaa kwa upasuaji, huko mbali ambako basi huchukua siku mbili. Tiketi ni ya Alhamisi, saa kumi jioni. Mama ana miaka sitini na minane na hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege.

Ukoo mzima sebuleni. Mimi ni kinyozi; kazi yetu mkasi kidogo, maoni mengi. Nikazungumzia ndege nusu saa nzima. Mabawa, mawingu, viti bora. Nilitiririka! (Nina mteja anayepakia mizigo uwanjani. Kichwa chake nakijua, na yaliyomo pia.)

Kisha mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akasema atampeleka mama kwa gari lake. Jipya, linapuliza baridi. Wote wakamgeukia yeye. Nikasema asijisumbue, usafiri nimeshapanga. Mke wangu akanikata jicho. Anajua sikuwa nimepanga chochote.

Jumanne, 5 Machi

Gari limepatikana. Fundi cherehani, jirani yangu wa kazini, ameniazima lake la bluu, lililoizidi ndoa yangu umri. Sharti: nimnyoe yeye na wanawe watano bure mwaka mzima. Watano! Basi.

Jioni, darasa. Nikapanga viti viwili viwili, shuka ikawa mkanda. Nikamfundisha mama kumeza mate ndege ikipaa ili masikio yasizibe, na asitazame chini. Akaandika yote kwenye daftari, mwandiko mzuri kuliko wangu. Akauliza kitu kizito vile kinapaaje. Nikajibu: mwendo na ubishi. Akatafakari. Hilo hakuliandika.

Akauliza mimi nimepanda mara ngapi. Nikasema niliacha kuhesabu. Si uongo. Sikuwahi kuanza.

Jumatano, 6 Machi

Redio ya kibandani, saa saba: wafanyakazi wa viwanja vya ndege wamegoma, safari zimesitishwa. Nikamwacha mteja na nusu ya ndevu, nikakimbia nyumbani. Lazima habari hii itoke kwangu, si kwa mwanyumba.

Nikaitoa. Mama akaingia chumbani, akafungua sanduku, akaanza kutoa vifulana alivyomfumia mjukuu, kimoja kimoja, akivilaza kitandani. Mke wangu akalia. Nikatamani redio ile iungue.

Mwanyumba alipofika akapiga simu kwenye ofisi ya ndege. Hakuna mgomo. Ulikuwa wa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari mbili. Nikasema mawimbi ya redio siku hizi ni mabaya. Hakuna aliyenisaidia hapo.

Mama akavirudisha vifulana sandukuni. Hakunikaripia. Aliniambia tu, “Mwanangu, habari ikipita, usiikamate kichwa ukaacha mkia.”

Nimeyaandika haya kwa kuwa ni maneno mazuri. Sidhani alinilenga mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Tulitoka saa sita na nusu, mimi na mama tu. Nilivaa tai. Nilimweleza gari la zamani ni chuma, si hizi bati za leo. Kwenye mlima wa kiwanda cha matofali, chuma kikaanza kutoa moshi mweupe. Kikazima.

Nikafungua boneti. Nikatazama kwa muda unaostahili. Nikatoa maoni: giaboksi. Nikachukua dumu la maji nimwagie. Mama akanishika mkono.

“Acha ipoe. Ukimwaga sasa, utapasua injini.”

Akavua viatu. Akakunja mikono ya gauni lake jipya. Akaniambia ni mpira wa rejeta, umepasuka hapa mwishoni, maji yamemwagika yote. Akaomba wembe wangu. Akaukata ule mpira palipopasuka, akausukuma tena mahali pake, akakaza bano kwa sarafu. Vidole vilijua njia, havikupapasa hata mara moja. Nilisimama na tai yangu kama mshumaa mchana.

Ndipo akanisimulia. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori, hilo nalijua. Nisilolijua: utingo wake kwa miaka kumi na moja alikuwa mkewe. Na leseni anayo. Miaka kumi na tisa nimekula mezani kwake nikimweleza habari za magari, naye ananiongezea mchuzi!

Injini ilipopoa tukajaza maji. Saa nane na dakika ishirini, na mizigo hufungwa saa tisa. Akaninyooshea kiganja. Nikampa ufunguo.

Alivyoendesha! Bila pupa, bila kusita, gari la fundi likamtii kama lilimngoja siku zote. Saa tisa kasorobo tulikuwa mlangoni. Akavaa viatu, akafuta mikono kwa leso, akashika sanduku.

“Ukirudi, waambie umenifikisha.”

Nikasema, lakini mama. Akasema hakuna lakini, umenifikisha. Kisha akaingia, mnyoofu, akamuuliza mtu wa kwanza mwenye sare. Mimi huona haya kuuliza njia. Nilibaki kwenye kioo mpaka sare ikanifukuza. Kifua kilinijaa, na macho pia, kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Msichana! Kilo tatu na robo, mama yake mzima. Mama mkwe alipiga simu, sauti ikawekwa juu wote tusikie. Alikaa dirishani na alitazama chini njia nzima. Akasema mate yale yalimsaidia sana, mkwe wake anajua kufundisha. Mwanyumba akanipa mkono.

Nilifungua mdomo niseme ukweli wa mlimani. Kweli nilifungua. Mke wangu akaleta chai, nikaufunga.

Jumamosi, 9 Machi

Mjomba wa mke wangu anataka kununua gari lililotumika. Kauliza nani kati yetu anayajua magari vizuri. Mwanyumba akanielekezea kidole, kwa heshima kabisa. Nikakohoa kwanza, kama wataalamu wafanyavyo. Nikamwambia mjomba aniachie mimi.

Kesho saa tatu. Tai nimeshaipiga pasi.