Mabonge ya Hiari ya Kilbrack

Ijumaa, 4 Aprili

Barua ya Wizara imefika. Ijumaa ijayo anakuja mkaguzi, Bi. Orlaith Deasy, kuamua kama shule yetu ya Kilbrack ifungwe. Ikifungwa, watoto wetu kumi na tisa wanahamishiwa Toberroe, kwenye vyumba vya muda, mpaka ijengwe shule mpya ya pamoja. Kosa letu? Eti baridi. Eti unyevu. Baridi! Sisi tulisoma mle na kaptula hadi Krismasi na hakuna aliyekufa, isipokuwa Packie Lydon, na yeye kafa mwaka juzi.

Mle ndani ndimo nilimomwona mke wangu Bernie mara ya kwanza. Dawati la pili, dirishani, wino puani. Sasa ni marehemu, na mjukuu wetu Muireann anakaa kwenye dirisha lile lile. Kila asubuhi ananipungia mkono akipita kwenda shule. Na hilo nalo wanataka kuninyang'anya! Hawaniwezi. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Wazo limenijia nikinyoa. (Nimejikata.) Moto! Darasa kubwa lina meko, yamezibwa kwa ubao tangu walete umeme. Enzi zetu kila mtoto alikuja na bonge la udongo wa kinamasi kwapani, mkavu, unaowaka kuliko kuni. Huo ndio ulikuwa mchango wa mzazi. Asiye na bonge alikaa nyuma kabisa, mbali na moto, na hakuna aliyelalamika. Ile harufu! Nikiisikia barabarani hadi leo nasimama, nasahau nilikokuwa nakwenda.

Nimezunguka na barua nyumba kwa nyumba: kila familia mabonge kumi, mchango wa hiari. Neno hiari nimelipigia mstari mara mbili. Waraka wa Wizara unakataza kumlazimisha mzazi, au kumtaja asiyetoa.

Hadi jioni: mabonge sita. Manne yangu.

Dympna Fahy, katibu wangu, yeye shule mpya anaililia usiku na mchana. Alinikuta nayahesabu akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, Mzee Festy, la kuvunda halina ubani. Akauliza kama nitawarudishia watoto na choo cha nje. Nikamjibu kile choo kilitujenga tabia. Akasema ndiyo, anaiona.

Jumapili, 6 Aprili

Zamani padri alisoma altareni nani katoa sadaka na nani hajatoa. Watu walitoa! Basi. Padri Kilduff ana miaka themanini na mmoja, husoma karatasi yoyote utakayomwekea. Nikaichomeka yangu katikati ya matangazo, baada ya mazishi, kabla ya bahati nasibu.

Akasoma yote, kwa sauti ya kutetemeka. Familia ya Geraghty: bado. Familia ya Lydon: bado. Familia ya Fahy: bado, bado kabisa. Shingo ya Dympna ikawa nyekundu. Sijafurahi misani hivi tangu arusi yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mlima! Mlima wa mabonge mlangoni mwa shule! Dympna kaleta yake kwa toroli, akayamwaga karibu na miguu yangu. Karibu sana. Nikamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea.

Ijumaa, 11 Aprili

Lo!

Saa tatu asubuhi niliubandua ubao, nikawasha. Watoto wakakaa wakizunguka moto, mashavu mekundu, kama sisi vile. Saa nne akaingia Bi. Deasy. Akavua koti! Nasema alivua koti, mwenyewe, bila kuombwa. Nilishinda kwa dakika nne.

Kumbe kunguru wamejenga kwenye ile dohani miaka thelathini. Ikakohoa. Kikashuka kiota chote, vijiti, sufu ya kondoo, masizi, na kunguru wawili wazima wenye hasira. Moshi tele! Watoto wakakimbilia barabarani, wanakohoa, wanacheka. Muireann alikohoa zaidi ya wote. Hakucheka.

Bi. Deasy, uso mweusi kwa masizi, akatoa mkobani ile orodha ya kanisani. Kuna mtu kamtumia. (Dympna!) Akauliza, neno bado katika mchango wa hiari maana yake nini. Nikasema ni matumaini. Akaandika.

Shule imefungwa leo hii hii. Nimerudi peke yangu kukusanya makoti ya watoto. Nikakaa dawati la pili, magoti yamegonga ubao. Nimelia, sioni aibu kuandika. Nisamehe, Bernie.

Jumatano, 30 Aprili

Muireann kapita na basi la shule, sikumwona vizuri. Jioni kaniambia Toberroe miguu yake ina joto na choo kiko ndani. Akauliza kama kweli sisi tuliipenda ile baridi. Nikamwambia anywe chai yake. Kifua chake kimepona, namshukuru Mungu.

Lakini! Wizara inatafuta kiwanja cha shule mpya. Kiwe tambarare, kando ya barabara. Lile shamba langu mkabala na nyumba ni bapa kama meza. Nimelitoa bure. Ni kweli, kuanzia Novemba maji huchimbuka kutoka chini ya ardhi, shamba likawa ziwa hadi Mei, mabata maji wanakuja, na leo asubuhi nimewahesabu kumi na wanne. Lakini Agosti unacheza mpira humo. Madarasa yote yatatazama mlango wangu!

Fomu inauliza kama eneo hutuama maji. Nimejibu kwamba Agosti halituami hata tone, na nikawaalika waje Agosti. Kesho naanza kupaka geti rangi, watoto wasije wakakuta kutu.