Divai ya Wim na Sukari Yangu

Jumatatu, 22 Septemba

Mungu wangu. Wim ameleta divai ya mahari. Chupa sita. Wim ni papa ya Wout, baba yake wa kumzaa, na Wout ndiye anamuoa binti yangu Sephora. Sherehe ya mahari ni tarehe nne ya mwezi ujao. Angeleta bia, angeleta Fanta, nani angelalamika? Hapana. Ameleta divai aliyotengeneza mwenyewe, nyuma ya nyumba yake kule kijijini Overijse! Mavuno ya kwanza. Zabibu za aina mpya, eti zinavumilia baridi ya huku Ubelgiji. Miaka kumi na tisa mimi mwenyewe bado siivumilii.

Alieleza saa nzima, kama ananipa mutoto mchanga. Hakuichuja, eti sasa ndiyo mtindo. Iko hai, chachu bado imo ndani. Niiweke penye baridi, gizani, nisiitikise. Nikasema bon, papa Wim, usiwe na hofu.

Alipoondoka nikafungua moja, nikaonja. Ndimu! Ndimu yenye hasira. Meno yote ganzi.

Na kwetu Bukavu, Kongo, desturi ni moja: kaka yangu Anaclet, mjomba wa binti, ndiye anaonja kwanza. Akimeza, binti ametolewa. Akitema, kila muntu arudi kwao. Anaclet huweka vijiko vitano vya sukari kwenye chai! Atatema mpaka ukutani. Sephora atazeekea kwangu.

Jumanne, 23 Septemba

Maman Rolande, jirani wa ghorofa ya tatu, ameuliza tutakunywa nini. Mahari ya binti yake ilikuwa na champagne. Miaka miwili sasa, na bado anaitaja kwenye lifti. Nikasema divai, kazi ya mikono ya baba mkwe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema alors, maman Sephora, daktari naye umemwalika?

Nimepata akili. Sukari! Nimefungua chupa zote, vijiko vinne kila moja. Lakini chupa zilikuwa zimejaa. Donc ilibidi kupunguza. Kumwaga ni dhambi. Nikanywa. Ilipofika ya sita, ndimu sikuisikia tena. Vizibo nikavirudisha kwa nyundo ya nyama, juu nikaziba na nta ya mshumaa wa Bikira Maria, anisamehe. Sukari ikakataa kuyeyuka. Nikatikisa vizuri. Nikaziweka kwenye kabati ya chaudière, mashine ya maji moto, penye joto.

Kila alichonikataza. Nimeona sasa hivi, nikiandika.

Jumatatu, 29 Septemba

Kabati inanong'ona. Nimeweka sikio: ssss. Kizibo kimoja kimechungulia kama kichwa cha kobe. Nimefunga vyote kwa uzi, juu ya uzi utepe wa scotch, juu ya scotch rozari.

Kazini kule Schuman, mtaa wa maofisi, nimesafisha ofisi ile ile mara mbili. Wout akapiga simu, papa yake anauliza divai inaendeleaje. Nikasema inapumzika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Watu thelathini sebuleni. Anaclet amesimama na suti yake ya ubatizo. Akakata uzi. Paa! Kizibo kikaruka, kikampata maman Rolande kwenye kilemba. (Mungu ni mwema, kidogo.) Povu mpaka kwenye zulia. Anaclet akaonja. Akalamba mdomo. Akaonja tena. Akasema kumbe hata Wabelgiji Waflamand wana champagne, tena tamu! Binti ametolewa, leteni glasi kubwa! Vigelegele. Sephora akalia kwa furaha, mama yake akalia kwa sababu zingine.

Wim nikamkuta jikoni peke yake, macho mekundu. Akasema divai imechachuka upya, imeharibika, kosa ni lake, walimwambia aichuje. Chupa mia tatu za stoo yake ya chini ya nyumba lazima ziko vile vile. Ile mizabibu aliipanda mwaka mke wake alipokufa. Kesho anamwaga zote, halafu anang'oa.

Nilifungua mdomo niseme. Nikamuuliza kama anataka sombe, kisamvu cha kwetu.

Jumapili, 5 Oktoba

Padri alihubiri juu ya uongo. Dakika arobaini, ananiangalia mimi tu. Nikimwambia Wim, atasema mutoto wa mwongo haingii kwake. Nisipomwambia, anamwaga maisha yake. Nikapanda basi mpaka Overijse.

Yuko kwenye stoo ile ya chini, ndoo tayari. Nikasema papa Wim, acha, kosa ni langu. Akasema nina moyo mwema, nisimfariji. Akafungua chupa ili nione ubovu. Akaonja. Ndimu! Akafungua nyingine. Ndimu safi! Akakaa kwenye sanduku, anacheka, analia. Halafu akaniangalia. Akauliza, kwani kule kwako kuna nini?

Sukari ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Badala yake likatoka neno hewa. Nikasema ni hewa, papa Wim. Nyumba ya maman wa Bukavu ina hewa yake. Akafikiri sana. Akasema inawezekana kabisa, kuna chachu za asili zinazoishi kwenye kuta. Nikasema eh. Kwenye kuta.

Divai imepona, Sephora ametolewa. Sitasema uongo tena mpaka kaburini.

Jumatano, 8 Oktoba

Gari la Wim liko mlangoni. Anaclet alimpigia simu: kwenye arusi ya Desemba anataka ile ile, tamu, ya kupasuka. Wim amepandisha chupa arobaini. Zikae kwangu, zipate hewa. Alipapasa ukuta wa koridoo kwa heshima, kama muntu aliye kwenye hija. Jumamosi anarudi na mtaalamu wa divai, waje kuukwangua, wapime chachu yangu.

Mtaalamu! Nimekaa kwenye ngazi nikalia hadi maman Rolande akaniletea chai.

Halafu nikafuta macho, nikaenda dukani. Sukari kilo kumi. Tano za chupa. Tano za kupaka ukutani.