Kasoro za Pikipiki ya Bwana Afya

Chome wa Ukunda alikuwa na mikono misafi kuliko fundi yeyote wa pikipiki uliyepata kumwona, na hilo peke yake lingetosha kuwatahadharisha watu. Lakini watu hawatazami mikono. Hutazama ovaroli, na ovaroli ya Chome ilikuwa ya samawati, imepigwa pasi, ina kalamu tatu na bisibisi moja mfukoni. Ndani ya sanduku lake la vyombo mlikuwa na spana mbili, chupa ya uturi, kofia ya vito na tasbihi. Kila kazi na vyombo vyake.

Siku ya Alhamisi alikuwa amejiegemeza nje ya mkahawa mpya uliokuwa ukipakwa rangi kule Diani, akitazama kama kuna la kuokota, ndipo akamsikia mwenye mkahawa akisema kwenye simu. Aliitwa Virginia, mama wa bara, msemaji wa mbio kweli kweli.

"Sitaki picha ya pikipiki, nataka pikipiki! Ile ya zamani, kama zile za serikali kitambo. Wageni wakae juu wapigwe picha. Na iwake, eh? Iwake na kiki moja mbele yangu, la sivyo sitaki hata kuiona. Tunafungua Saturday saa sita. Mimi nitalipa bei ya pikipiki tatu mpya, shida iko wapi?"

Shida haikuwako hata kidogo. Chome alingoja simu ikatwe, akavaa uso wa mtu mwaminifu, akaingia.

"Madam, pikipiki yako imepatikana."

"Iko wapi?"

"Iko njiani," akasema Chome, ingawa pikipiki yenyewe haikuwa na habari ya safari hiyo.

Alikuwa ameiona mwaka uliopita kule Msambweni, alipokwenda kula harusi asiyoalikwa. Ilikuwa uani kwa jirani wa bibi harusi, imefunikwa turubai, tangi lake jekundu limesuguliwa hadi unajiona meno. Aliulizia, akaambiwa ni ya marehemu Abubakar, bwana afya aliyezunguka nayo miaka zaidi ya thelathini akichanja watoto. Sasa ilikuwa ya mjane wake, Bi Mwanarusi, bibi wa makamo ya kujukuu, aliyesoma hadi darasa la nne tu.

"Darasa la nne," Chome alijiambia usiku ule akipiga pasi ovaroli. Akacheka peke yake.

Ijumaa saa tano unusu alifika Msambweni juu ya boda boda yake, pikipiki nzuri ya miaka miwili, mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Kichwani alikuwa na kofia ya vito, mkononi tasbihi, na uturi umemtangulia mlangoni kama mjumbe.

"Hodi! Asalaam aleikum wa rahmatullah! Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Bi Mwanarusi alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka, maana nazi ilikuwa nusu, lakini alimsukumia kigoda kwa mguu. Chome akajieleza: yeye ametumwa na mradi wa kukagua bure pikipiki zote walizoacha watumishi wa afya waliotangulia mbele ya haki.

"Bure?" akauliza Bi Mwanarusi.

"Bure kabisa, kwa thawabu."

"Mashallah. Basi ile pale, kague. Inawaka, lakini. Kila Ijumaa mimi huipiga kiki, inanguruma kidogo, namkumbuka mwenyewe, kisha naizima. Leo sijaiwasha bado."

Krr, krr, krr, akaendelea kukuna.

Chome akalivua turubai, akachuchumaa, akaitoa plagi. Hilo alilijua, kwa sababu mchezo wake wote ulikuwa ndani ya plagi. Aliinyanyua juu akaiangalia. Ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, kama mkate uliookwa ukaiva, na hiyo ndiyo rangi ya plagi ya injini yenye afya. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akapiga chafya kubwa, akatia mkono mfukoni kutafuta leso, na mkono ulipotoka, plagi ya bwana afya ilikuwa imebaki mfukoni na iliyotoka ilikuwa nyingine, mfu, aliyoizoa kwenye jaa la gereji. Akaikaza mahali pake.

Mbuzi ilinyamaza kidogo. Kisha, krr, krr, krr.

"Haya, bismillahi." Chome akapiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili, ya tano, ya kumi na tano. Pikipiki ilikohoa kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Jasho likamtoka, na safari hii halikuwa la uongo.

"Koki ya petroli umeifungua, mwanangu?"

"Nimeifungua, bi mkubwa."

"Na choki?"

"Nayo."

"Moto wa plagi je? Marehemu alikuwa akiitoa, akiilaza juu ya chuma cha injini, akipiga kiki aone kama inatoa cheche. Wataka niangalie mimi wewe upige?"

"Hayo yalikuwa mambo ya zamani," Chome alisema upesi. "Siku hizi twasikiliza kwa sikio." Akaweka sikio kwenye tangi, akafumba macho kama daktari. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Alikuwa akiyatoa apendapo.

"Nieleze tu, mwanangu. Nimeshazika mume."

"Bi mkubwa, platini zimekwisha. Vile vidude viwili vinavyogusana vikatoa moto, havipo tena. Na kabureta ni kasha tupu, jeti yake imekwisha, petroli haina pa kupitia. Hii si pikipiki, ni maiti. Inangoja kuzikwa."

"Lahaula! Ijumaa iliyopita ilinguruma."

"Ndiyo ilikuwa ikiaga."

Wakati huo akaingia jirani, Mzee Boga, kanzu yake imenyooka, na yeye akaisikia hukumu yote. Chome alifurahi kupata msikilizaji wa pili, akaikariri upya kwa madaha zaidi: platini hakuna, jeti hakuna. Kisha akashusha sauti.

"Lakini mimi nina moyo laini, nao utanimaliza. Nimesikia una mjukuu."

"Esha. Mhudumu wa afya, kama babu yake. Vijiji vyote hivi avizunguka kwa miguu. Hii hawezi kuipiga kiki, ni nzito, ndiyo maana nikaiweka."

"Basi Esha achukue hii yangu, inawaka kwa kidole tu. Mimi nibebe hii maiti nikaiuze chuma chakavu. Hasara iwe yangu."

Bi Mwanarusi akamtazama kwa utulivu, kutoka kofia hadi kiatu, akarudi tena juu na kusimama kidogo kwenye mfuko wa ovaroli.

"Ni jambo kubwa hilo, mwanangu. Hebu mswali kwanza, mrudi na mashahidi. Mimi nitaivisha wali."

Na hapo ndipo adhana ilipolia. Chome hakuwa mtu wa msikitini. Mara ya mwisho kuingia humo alikuwa akitafuta viatu vya nambari yake. Lakini mtu aliyekuja na kofia ya vito, tasbihi na uturi atasema nini? Mzee Boga alimshika mkono kama bwana harusi.

"Twende, fundi. Mtu wa thawabu kama wewe hakai nyuma, ni safu ya mbele."

Safu ya mbele haina mlango wa kutorokea. Khatibu, kwa bahati mbaya, siku hiyo alichagua kuzungumzia watu wanaopunja katika mizani, na alipenda mada yake, hata hakuona haraka ya kuimaliza. Chome alikaa muda wote ule akiipapasa plagi mfukoni, akiota bei ya pikipiki tatu.

Waliporudi walikuwa wanne: Chome, Mzee Boga, na wazee wawili walioalikwa kwa harufu ya samaki wa kupaka. Pikipiki ilikuwa pale pale, imefunikwa vizuri. Bi Mwanarusi alikuwa amevaa leso safi, ananawa mikono kwa sabuni, anasugua kucha moja moja bila haraka. Chome alidhani ni masalio ya nazi.

Wakala. Kisha wakakaa kwa ajili ya makabidhiano, na Mzee Boga akataka yafanywe kama walivyozoea: mwenye kitu ataje kasoro zake zote mbele ya watu, na mchukuaji aseme kwa ulimi wake kwamba ameridhika nazo.

"Mimi ni mwanamke wa darasa la nne," akasema Bi Mwanarusi. "Kasoro anazijua fundi. Na azitaje yeye."

Hilo lilimpendeza Chome mno. Akasimama. "Mashahidi! Pikipiki hii haina platini. Haina jeti. Haiwaki, na haitawaka."

"Na umeridhika nayo hivyo hivyo?" akauliza Bi Mwanarusi.

"Nimeridhika, duniani na akhera!"

"Nami nimeridhika na yako."

Wakaandikiana kwenye daftari la Esha, mashahidi wakatia sahihi. Chome akakabidhi ufunguo na logibuku ya boda boda yake, akaanza kuisukuma maiti yake kuelekea barabara ya lami, uso wa majonzi, moyo unapiga ngoma.

Alipoipita kona ya mikorosho, majonzi yakaisha. Akaitupa kando plagi iliyokuwamo bila hata kuiangalia, akairudisha ile nzuri, akapanda, akapiga kiki.

Kimya.

Akapiga tena. Akaangalia koki: wazi. Akavuta choki. Kwa mara ya kwanza maishani Chome alianza kutengeneza pikipiki kwa nia njema, naye hakujua pa kuanzia. Alifungua asichokijua, akakaza kilichokwisha kukazwa, akaanguka nayo mtaroni mara moja. Mwisho akaisukuma hadi kwa fundi wa kweli aliyekuwa kando ya lami, kijana wa bara aitwaye Wafula.

Wafula aliifungua dakika kumi tu. "Boss, hii uliuziwa na nani? Haina platini. Si mbovu, zimetolewa. Na kabureta, cheki hapa, jeti imefunguliwa na mtu anayejua, hata hajakwaruza."

"Unazo nyingine?"

"Za hii? Hizi hata Mombasa utatafuta wiki nzima, na bado usipate."

Saa sita ya kesho ilikuwa imebakiza chini ya siku moja. Chome akageuza pikipiki.

Bi Mwanarusi alikuwa barazani anachagua mchele, na Mzee Boga kando yake na kahawa. Uani Esha alikuwa akizunguka juu ya boda boda, anacheka.

"Umesahau kitu, mwanangu?"

"Bi mkubwa! Haina platini! Haina jeti!"

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema, lakini..."

"Ulisema mbele ya Mzee Boga, na baada ya sala ukarudia mbele ya mashahidi. Mimi nikaona, huyu ni mgeni wangu, mtu wa thawabu. Akija mtu kuikagua akazikuta, si ataitwa mwongo? Ndiyo nikazitoa mlipokwenda kuswali. Miaka kumi ya mwisho marehemu macho yalikuwa hayaoni vidude vile. Ni nani unadhani alikuwa akizisafisha kwa msasa?"

Mzee Boga akameza kahawa kwa shida. Chome alifungua kinywa adai haki yake, na Mzee Boga akamwahi.

"Sema tu, fundi. Utueleze pia plagi hii iliyomo sasa umeitoa wapi."

Chome akajaribu njia ya mwisho, machozi, na safari hii hayakuhitaji kutolewa. "Bi mkubwa, nimemwahidi mtu kesho saa sita. Ataniumbua Diani nzima."

"Maskini. Mtu gani huyo?"

Na Chome, aliyekuwa amechoka, ana njaa na amechubuka goti, akamwambia: mkahawa upi, jina la mwenyewe, kiki moja, na bei ya pikipiki tatu. Bi Mwanarusi alisikiliza hadi mwisho huku akitoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja.

"Na sasa utaisukuma hii hadi Diani?"

Chome akaitazama barabara kichwani mwake, na miinuko yake yote. "La."

"Basi nitakuondolea uzito. Nauli ya kukufikisha Ukunda, na sahani ya wali. Lakini tufuate kawaida. Taja kasoro zake."

"Haina platini," Chome akasema kwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Haina jeti."

"Nimeridhika nazo," akasema Bi Mwanarusi. "Esha, mpakulie kaka yako wali. Ukoko pia, anaonekana ana njaa."

Jumamosi, saa sita kasorobo, Chome alikuwa nje ya mkahawa wa Diani akitunga uongo wa kumpa Virginia, aliposikia mlio, dudu-dudu-dudu, mzito na wa kistaarabu. Barabarani ilitokea pikipiki ya tangi jekundu. Juu yake alikuwa Bi Mwanarusi, buibui limefungwa kiunoni, helmeti ya marehemu juu ya ushungi. Nyuma alifuata Esha juu ya boda boda ya Chome, au tuseme juu ya boda boda ya Esha.

Bi Mwanarusi aliizima mlangoni, akashuka, akaipiga kiki moja. Ikanguruma. Virginia akapiga makofi na kuitisha kitabu cha hundi.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bi Mwanarusi. "Kwanza nikutajie kasoro. Breki ya nyuma inalia ikinyeshewa, na kiti kimeshonwa upya. Mengine yote nimeyakagua mwenyewe. Umeridhika?"

"Nimeridhika kabisa, shosho!"

Wakapeana mikono. Kisha Bi Mwanarusi akatazama huku na huku, akamwona Chome nyuma ya mnazi, akamwita kwa kidole. Akafungua fundo la leso yake, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi. Ilikuwa ni plagi mfu ya jaani, imesuguliwa kwa msasa hadi inang'aa.

"Esha aliiokota penye mikorosho. Hii ni yako, mali ya mtu mimi silali nayo. Nimejaribu kuisafisha, lakini haifai. Tafuta nyingine, hiyo itakuangusha."

"Ahsante, bi mkubwa. Shikamoo."

Chome akaipokea kwa mikono miwili, na mikono hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajiite fundi, ilikuwa myeusi kwa grisi hadi viwikoni.