Firmin Asile Kuku Kabla Yangu

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Balaa! Asubuhi gari la kipaza sauti limepita mtaani kwetu Kikula, mbele kabisa ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Kipindupindu kimeingia mkoa wetu wa Shaba. Hakuna kusalimiana kwa mkono. Hakuna kulala matangani. Chakula kilichopikwa hakipiti barabarani. Na hakuna kutoka Likasi kwenda Lubumbashi bila sindano. Sindano! Mimi, Constantin, niliyetoka dirishani siku walipokuja shuleni kuchanja ndui!

Na Jumamosi hii ndiyo siku yangu. Mwaka na nusu nimemwoa Philomène, sijawahi kumtazama mama yake usoni. Heshima ya kwetu ndiyo hiyo: mama mkwe akitokea njiani, mkwe anaingia majanini. Huli mbele yake, huvuki kizingiti chake, mpaka siku atakapokuchinjia kuku, akupikie kwa mkono wake na kukuita ule. Hapo umeingizwa. Umekuwa mtoto wa nyumba.

Philomène anasema tuahirishe safari. Ugonjwa ukiisha tutakwenda, kuku hatakimbia. Kana kwamba shida ni kuku! Shida ni Firmin. Firmin amemwoa Élise, mdogo wa Philomène, juzi juzi tu, na anakaa Lubumbashi karibu na Mama Gertrude. Naye anaingizwa Jumamosi hiyohiyo. Anayeingizwa kwanza ndiye mkubwa wa wakwe: firigisi ni yake, kiti cha kando ya baba mkwe ni chake, maisha yote. Nikichelewa nitakuwa mdogo wa Firmin, yule anayepiga pasi hata soksi zake.

Nimemjibu mke wangu kwamba mwanamume haahirishi. Akaniangalia, akacheka: "Weye unaogopa tu shindano, sema kweli!" Mimi niogope sindano! Nikaokota spana. Nilikuwa na kazi.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimekwenda zahanati. Kuchunguza tu. Nimesimama mbele ya foleni, nimeona kila kitu. Jitu moja la kiwanda cha Shituru, kifua kama kabati, limeona sindano likaketi chini lenyewe. Nimelihurumia sana. Philomène amechomwa bila kukunja uso, halafu akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya mti.

Habari njema: kadi za chanjo zimekwisha. Ukishachomwa wanakupaka dawa ya zambarau begani, na kwenye kizuizi cha daraja la Lufira wanatazama bega tu. Dawa ya zambarau! Jirani yetu Zaina anayo chupa nzima, anapaka vinywa vya watoto wenye vidonda. Ah, Constantin, kichwa chako kingekuwa cha waziri.

Jumatano, 3 Oktoba

Zaina amenipa dawa bila maswali mengi. Nimejipaka bega. Zuri mno! Lakini bega lililochomwa linavimba, langu lilikuwa laini kama la bibi harusi. Nikasugua pilipili. Limevimba. Kisha nikajifuta jicho kwa mkono uleule.

Jicho nalo limevimba. Philomène kauliza kama siku hizi wanachanja macho pia. Amekataa kusafiri nami, eti hataki kuniaibikia njiani. Vizuri, nitakwenda peke yangu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimepanda gari la Abedi, dereva wetu wa kila siku, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Abedi ameliona bega langu, ameguna. Watu wenye wivu wapo.

Darajani, muuguzi mwanamke mwenye miwani. Aliniuliza jina. Nikasema Constantin. Akanikumbusha kwamba majina hayo tumewaachia Wabelgiji, raia wa kweli ana jina la mababu. Nikasema Kapambwe. Akasema asante raia, vua shati. Nikavua kwa madaha. Akatazama. Akawaita wenzake. Wote wakaja kutazama.

"Citoyen, bote banachomwa mukono wa kushoto. Weye shindano yako ilivuka namna gani?"

Wa kushoto! Mungu wangu! Jana nzima nilijipaka wa kulia, kwa sababu nilisimama uso kwa uso na foleni, na mikono yao ilikuwa upande wangu wa kulia. Nimeeleza jambo hilo kwa ufasaha mkubwa. Haikunisaidia. Walinichoma palepale, abiria wote wakitazama, Abedi akinishika kiuno. Sikulia. Jicho bado lilikuwa na pilipili. Halafu wakaniambia nirudi nyumbani wiki nzima, mpaka dawa ishike.

Nimerudi Likasi juu ya lori la makaa.

Ijumaa, 5 Oktoba

Sasa nina mabega mawili yaliyovimba. Philomène anasema Mungu mwenyewe ameahirisha. Sawa, nimekubali. Lakini nikiahirisha mimi, tuahirishe wote! Firmin asile kuku kabla yangu!

Nimewaza nikifunga mnyororo wa baiskeli, na jibu likaja. Hakuna nyumba ya kwetu inayomfanyia mkwe mmoja furaha wakati mkwe mwingine amelala mgonjwa. Haifai, majirani watasema nini? Basi niwe mgonjwa. Nimemwomba Abedi apeleke habari leo hii. Amekataa: "Minye niko muislamu. Buongo haiko muzuri." Nikamwahidi kumtengenezea baiskeli yake ile iliyokufa. Akafikiri. Akauliza ugonjwa gani. Nikamwambia tumbo tu, asieleze zaidi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote! Asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya serikali: mtaa mzima tumezibua mitaro na kumwaga chokaa. Nilifanya kazi ya watu wawili, naimba. Nilikuwa namwona Firmin kule Lubumbashi, ndani ya abakosi, suti yake isiyo na tai, iliyonyooshwa, ametazamana na kuku mzima anayetembea.

Adhuhuri nikarudi. Nafika uani, nasikia sauti. Sauti ya Mama Gertrude! Uani kwangu! Amekuja na gari la Abedi, bega la zambarau, kuku hai kwapani, maana kuku hai hakukatazwa. Na nyuma yake, amebeba kifurushi chake, nani? Firmin!

Ningefanya nini? Kumwona haifai. Nikaingia chooni, nikabamiza mlango. Nikamsikia akilia: maskini mkwe wangu, amekwenda tena! Kila nilipochungulia alikuwa palepale, akiniombea. Nikaubamiza tena. Akahesabu hiyo kuwa safari nyingine. Na Philomène, mke wangu wa kanisani, anamwambia kwa sauti ya huzuni: tangu jana ni vile vile.

Jua limeanza kushuka, nimo ndani. Mwishowe mama mkwe akaja mlangoni: "Mugonjwa hana haya. Toka, mutoto yangu, mama yako iko hapa."

Nimetoka nimejifunika shati usoni. Akanilaza mkekani. Akaninywesha uji wa maji maji, bila chumvi, bila sukari, kijiko kwa kijiko, kwa mkono wake. Nje, kuku alikuwa anachemka katika mawese. Baadaye nimeusikia mfupa ukivunjika kwenye meno ya Firmin.

Jumapili, 7 Oktoba

Uji. Halafu maji ya majani ya mpera, machungu kama deni. Halafu uji.

Baada ya misa Firmin ameingia chumbani, ameketi kwenye kiti changu, ametoa mbweu. Akaniambia nijikaze, beau, shemeji yangu, na nisijali: yeye sasa ameingizwa, ndiye mkubwa, atanisimamia vizuri. Firigisi ilikuwa laini, akaongeza. Nikalia. Kulia kweli! Nikageukia ukuta.

Ndipo nikasikia kicheko mlangoni. Mama Gertrude alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Abedi alimwambia yote jana, hata kabla ya kufika Lufira. Alijua! Alijua nikiwa chooni! Alijua kila kijiko!

Akajifuta machozi, akamuuliza Firmin alikula saa ngapi. Jioni, mama. Na Constantin, nani alimlisha, na lini? Mama akasema ni yeye aliyenilisha, kwa mkono wake huu, wakati kuku wa Firmin bado yuko chunguni. Aliyelishwa kwanza ndiye aliyeingia kwanza. Mkubwa ni Constantin.

Mimi mkubwa! Nimeruka kutoka mkekani. Firmin amekabwa na mbweu yake. Nami, kwa mara ya kwanza, nimemtazama mama mkwe usoni. Ana mwanya, kama wa Philomène. Anacheka kama Philomène. Mwaka na nusu nimekuwa nikiukimbia uso huu majanini! Nimefurahi mpaka nimeona haya. Tumekula dagaa na bukari, ugali wetu, wote pamoja, mimi nimekula mara tatu, na Firmin kaosha sahani.

Jumapili, 14 Oktoba

Wiki imepita, bega limepona, naweza kuvuka Lufira kama mtu yeyote. Philomène anasema tusiende sasa, ugonjwa bado upo, mama yake naye bado amechoka kucheka. Tungoje Krismasi.

Nimejaribu kungoja. Tangu asubuhi. Lakini habari imefika: Firmin anawaambia watu wa Lubumbashi kwamba mimi ni mkubwa wa uji. Wa uji! Haiwezekani. Lazima niende, lazima nichinjiwe, na mama mkwe hatachinja bila sababu nzito. Ugonjwa sitautumia tena, mimi si mjinga. Mara hii nimetafuta habari ya furaha. Abedi hanisikilizi siku hizi, lakini ndugu yake Asani ameondoka na gari la saa nne, na ujumbe ameukariri mara mbili mbele yangu: mjukuu wa kwanza yuko njiani, tayarisheni kuku.

Philomène yuko uani, anafua, anaimba. Bado hajui kwamba ana mimba.