Riboni Tatu za Shangazi

Jumatatu, 6 Mei
Sijawahi kumwambia mtu: kitambaa kile nilikichagua makusudi. Shangazi, fundi cherehani wa nyumbani kwetu, alinituma dukani nilete kitambaa chochote cha heshima cha sketi za kwaya ya shule. Nimeleta chenye vijistari vya mshazari. Kitabu cha maktaba kinasema mstari mnyoofu ukipita juu ya vijistari hivyo, macho huuona umepinda. Ijumaa ni maonyesho ya sayansi. Yule mwenzangu tunayemwita Volkano, aliyenishinda miaka miwili kwa mlima uleule wa udongo unaotoa povu, safari hii atanikoma!

Jumanne, 7 Mei
Sketi ya kwanza. Riboni tatu nyeusi kuzunguka pindo. Shangazi kaitazama kwa mbali. Kafumua. Kashona. Kafumua tena. Kapima kwa futi: sawasawa. Akaniuliza, hebu mwanangu, zimepinda hizi au ni macho yangu? Nikasema mimi naona sawa tu. Nikaandika daftarini kisirisiri, chini ya meza: "Mtazamaji wa kwanza, kafumua mara mbili."

Alhamisi, 9 Mei
Mara tano. Shangazi kavua miwani, kamwambia Baba kwamba macho yamemwisha. Baba akamtania dada yake: mbona macho hayohayo jana yaliona mnofu mkubwa upande wa pili wa sufuria? Hakucheka. Shangazi! Nilifungua mdomo niseme. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimekuwa wa pili. Volkano kashangiliwa mpaka povu likakauka. Mwalimu wa kwaya akasimama mbele ya ubao wangu wenye kipande cha kitambaa kile na riboni, akasema kumbe fundi hakukosea! Akanieleza kwamba asubuhi Shangazi amemrudishia vitambaa vyote, akamwambia atafute fundi mwenye macho. Kazi keshapewa fundi wa jirani.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeungama. Nilimpelekea Shangazi kitabu na rula. Akaweka rula kwenye riboni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema siku nne amejiona kipofu, na mimi nimekaa hapo namhesabu. Heri angenifokea. Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Cherehani imefunikwa shuka.

Jumapili, 12 Mei
Nimeapa: sitamfanyia mtu majaribio tena. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya, nikaeleza kosa langu lote. Kamrudishia Shangazi nusu ya sketi, kwa kitambaa kingine. Shangazi anashona. Ila sasa kila mshono anaupima kwa rula, jambo ambalo zamani hakuwahi kulifanya.

Nimefagia nyuzi zote zilizofumuliwa. Kimebaki kipande cha kile kitambaa. Hasara kukitupa. Nimekibandika ukutani sebuleni, nyuma ya picha ya harusi ya Baba na Mama, kikitokeza pande zote. Kimependeza. Baba kaingia, kaitazama picha, kainyoosha. Kakaa. Kainuka, kainyoosha tena. Akaniuliza kama ukuta umeinama. Nikasema mimi naona sawa tu. Kisha nikachukua daftari, nikaandika: mara mbili.